Federalist ya mtumba, bob 250 pale Tom Mboya: nimesoma yote, wacha niwaambie ukweli

Naanza na bei juu najua ndo mnataka kujua kwanza. Jamaa aliniambia mia nne, nikamwambia mkubwa hiki kitabu kimechanika mgongo, akasema basi leta mia tatu, nikajifanya naenda zangu, akaniita kabla sijafika kwa wale wa soksi, tukamalizana na 250. Naongea kuhusu zile inama za Tom Mboya, vitabu vimetandazwa chini kwa gunia, unainama unachagua, giza likiingia wanafunga mzigo wanaenda. Sikuwa nimetoka kutafuta siasa za Marekani, nilikuwa natafuta kitabu cha hesabu cha mpwa wangu. Hicho sikupata.

Kwa wale hawajui, Federalist ni makala 85 yaliyoanza kutoka kwa magazeti ya New York Oktoba 27, 1787 na kumalizika mwaka uliofuata. Yote yana sahihi ya jina moja la kubandika, Publius, lakini nyuma ya hilo jina kulikuwa na watu watatu, Alexander Hamilton aliyeandika 51, James Madison 29, na John Jay ambaye aliandika matano tu juu aliugua. Kazi yao ilikuwa moja: wakaaji wa New York wakubali katiba mpya iliyotungwa kule Philadelphia kati ya Mei na Septemba ya huo mwaka wa 1787. Kwa hivyo ukikisoma kama kitabu cha shule utapotea. Hii ni kampeni. Hao jamaa walikuwa wanauza katiba venye makanga anauza siti ya mwisho, na makanga mzuri hakudanganyi, anakuchagulia tu ile kweli itakufanya upande.

Hali ya kitabu sasa. Muhuri wa maktaba fulani ya ng'ambo ndani ya jalada, sawa, hiyo hainisumbui, vitabu vingi vya mtumba vinakujanga hivyo. Herufi ni ndogo kama za kijikaratasi cha dawa. Gundi imekauka, ukifungua katikati kinalia krrr na karatasi mbili zinakuangukia mapajani. Lakini kilichoniuma ni hiki: makala ya 10 haipo. Imetolewa. Naisha ya 9 nageuza nakutana na 11 imeanza kitambo, na ukiangalia kwa mshono unaona mtu alitumia wembe, hata hakurarua kwa hasira. Sasa ile ya 10 ndo ile kila mwalimu wa siasa anaulizia, nadhani mwanafunzi fulani aliona kubeba kitabu kizima ni mzigo bure. Nilienda saiba wakanichapishia, bob kumi kila ukurasa, kwa hivyo ukweli ni kwamba kitabu hakikunigharimu 250.

Na kabla mtu aniambie, ndio, najua kiko bure kwa Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni, hakimiliki yake iliisha zamani sana. Lakini simu yangu kioo kimepasuka pale pale mahali macho inasomea, na mimi kitu ya kurasa mia tano siwezi sukuma na kidole kwa matatu.

Sasa niseme kilicho ndani. Kila mtu akitaja Federalist anakimbilia ile ya 51, ya malaika, ati kama binadamu wangekuwa malaika hakungehitajika serikali. Ni tamu, sikatai. Lakini mimi naona kwa mtu wa Nairobi moto uko kwa zile za pesa, kuanzia 15 hivi alafu uruke uende 30 na zinazofuata. Kuzielewa lazima ujue walikuwa wametoka wapi. Kabla ya hiyo katiba majimbo 13 yalikuwa na mkataba ulioanza kufanya kazi 1781, na kwa huo mkataba Kongresi haikuwa na nguvu ya kutoza kodi hata senti. Inaandikia majimbo barua, tafadhali leteni mchango wenu wa deni la vita, wengine wanaleta nusu wengine wananyamaza kimya kama mtu wa chama ambaye zamu yake ya kupokea imeshapita. Kongresi ikaomba angalau ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa zinazoingia bandarini, na kwa sababu kubadilisha mkataba kulihitaji majimbo yote 13 yakubali, mwaka wa 1782 Rhode Island peke yake, kijimbo kidogo hivi, ikasema hapana na mpango ukafa. Wakajaribu tena 1783, safari hii New York ndo ikauharibu. Wanajeshi waliopigania uhuru wanadai mishahara, wadai wa nje wanabisha mlango, alafu 1786 wakulima wa Massachusetts wenye madeni wakaanza kufunga mahakama kwa nguvu, ile wanaita maasi ya Shays, na Kongresi haina askari wa maana wa kutuma.

Hamilton kwa makala ya 15 anashika huo ugonjwa anautaja jina. Anasema shida si kwamba viongozi ni wabaya, shida ni kwamba Kongresi inatungia sheria majimbo badala ya watu. Mtu mmoja akikataa kulipa unampeleka kortini, lakini jimbo zima likikataa utalifunga wapi? Hapo unabaki na mawili, ukae kimya ama upigane vita. Ndo maana katiba mpya ikaruhusu serikali ya taifa imfikie mwananchi moja kwa moja, imtoze yenyewe, imshtaki yenyewe. Alafu kwa 30 anasema pesa ndo pumzi ya mwili wa siasa, ikikosekana mwili unakauka.

Niliposoma hapo nilikuwa Thika Road kwa jam na nikacheka peke yangu, mama wa kando akasogea mbali kidogo. Juu sisi ni hiyo hiyo hadithi lakini imegeuzwa miguu juu. Wao katikati ndo kulikuwa kunaomba pembeni. Hapa pembeni ndo inaomba katikati. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 203, inasema kaunti zote 47 zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kuangalia hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na bunge, na karatasi hiyo ni nzuri sana, lakini karatasi haisemi sana kuhusu mtu wa kliniki ya kaunti ambaye mwezi umeisha na mshahara haujaingia. Mnakumbuka 2020 vile Seneti ilikwama na fomula ya kugawa pesa, wakakaa vikao baada ya vikao, ati watu ama ardhi, nani apewe zaidi? Hamilton angeketi pale gallery angesema nimewaonya, anayeshika pochi ndo anashika kila kitu. Sina uhakika angekuwa upande wa kaunti lakini. Huyo alikuwa mtu wa serikali kubwa mpaka mwisho.

Tuelewane kidogo hapa ndo mtu asisome hiki kitabu akaenda kubishana baa na maneno ya kuazima: Kenya si shirikisho. Kule majimbo yalikuwako kwanza, kila moja na bunge lake na katiba yake, ndo yakaungana. Hapa taifa lilikuwako ndo katiba ikazaa kaunti, na neno tulilochagua ni ugatuzi. Tulijaribu ya majimbo 1963, chama cha KADU cha kina Ngala kikiitaka na chama cha KANU kikiipinga, na kufika mwisho wa 1964 KADU ishajivunja, majimbo yameisha nguvu, 1966 Seneti nayo ikaenda. Nani alikuwa Publius wetu wakati huo? Hakukuwa na mtu wa kuandikia wananchi makala 85 kuwaeleza jimbo lina maana gani, kulikuwa na mikutano ya hadhara na woga wa kufukuzwa shambani. Na sisi wa Nairobi hata ugatuzi wenyewe tumeuona ukirudishwa nyuma kwa sahihi, Februari 2020 pale Ikulu, kazi nne za kaunti zikapewa serikali kuu, afya ikiwa moja yake. Madison kwa ile ya 51 anajisifu kwamba mwananchi analindwa mara mbili juu serikali ni mbili na kila moja inachunga mwenzake. Sawa, lakini moja ikichoka ikampa mwenzake funguo? Hiyo sura sikuiona, nimeitafuta.

Turudi kwa ile 10 yangu ya saiba. Wazo lake limesifiwa na nitalisifu pia. Wakati huo watu wasomi waliamini, kwa kufuata Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa, kwamba jamhuri hudumu ikiwa ndogo tu, pahali watu wanajuana. Madison anapindua meza. Anasema makundi ya ubinafsi hayawezi kuisha, uhuru unayalisha venye hewa inalisha moto, na huwezi kuondoa hewa ati uzime moto. Kwa hivyo panua nchi. Ikiwa kubwa kuna makundi mengi sana, hakuna moja litakuwa wengi peke yake, na wakitaka kuungana kufanya uovu itakuwa kazi ngumu. Na anasema wazi kwamba kinachogawanya watu zaidi ni mali, mwenye nacho na asiye nacho, mdai na mdaiwa, hiyo nilipigia mstari mara mbili.

Lakini hapo kwa kuungana kuwa kazi ngumu, Bwana Madison hajawahi kuona Kenya miezi sita kabla ya uchaguzi. Makundi yetu yanakutana hoteli moja saa nne asubuhi, saa saba chama kipya kina rangi, alama ya mkono na wimbo. Na usidhani kwao ilichukua muda, miaka michache tu baada ya kuandika hayo Madison mwenyewe alikuwa na Jefferson wanajenga chama cha kumpinga nani? Hamilton. Publius mmoja akapigana na Publius mwingine.

Kuna ya Jay pia, ya 2, ambapo anasema Mungu amewapa hiyo nchi watu wamoja, ukoo mmoja, lugha moja, dini moja. Weh. Huyu Jay babu yake upande wa baba alikuwa mkimbizi Mfaransa na mamake wa ukoo wa Kiholanzi, na New York yenyewe ilikuwa imejaa Waholanzi, Wajerumani na Waafrika walioletwa kwa minyororo. Ruka hiyo makala, haina kitu.

Kitu nilipenda zaidi, na hii hamtaiona ukisoma tu juu juu, ni venye hawa jamaa wanauza bidhaa ambayo wao wenyewe hawakuipenda yote. Hamilton kule Philadelphia Juni 18 alisimama akapendekeza rais akae maisha yake yote mradi ana tabia njema, na maseneta vile vile. Alipuuzwa. Wenzake wawili wa New York, Yates na Lansing, waliondoka Julai wakiwa wamekasirika, akabaki peke yake bila kura ya jimbo. Madison naye alitaka serikali ya taifa iwe na uwezo wa kufuta sheria yoyote ya jimbo, akashindwa, akataka pia Seneti igawanywe kwa idadi ya watu, akashindwa. Sasa soma makala ya 62 ukijua hivyo. Anatetea kila jimbo kuwa na maseneta wawili sawa, na unasikia kabisa meno yamekazwa, anasema ni matokeo ya maelewano, tusipoteze muda kuijadili sana. Sisi tunaijua hiyo. Nairobi kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 4,397,073, Lamu 143,920, na kila mmoja anachagua seneta mmoja. Mimi wa Nairobi naona nimepunjwa, mtu wa Lamu anaona bila hivyo asingesikika kabisa, na sijui nani amekosea hapo.

Sasa ya 54. Hii inahusu watumwa kuhesabiwa tatu kwa tano wakati wa kugawa viti vya bunge. Madison anaiandika kama wakili aliyelipwa, anamwachia mtu wa Kusini aongee, ati mtumwa ni mtu nusu na mali nusu kwa macho ya sheria, kwa hivyo hesabu ni ya haki. Na yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Neno lenyewe mtumwa halimo ndani ya katiba yao ya 1787, walizungukazunguka na maneno kama watu wengine wote. Aliyekuwa na kitabu kabla yangu ameandika pale pembeni na kalamu ya bluu, kwa Kiswahili, binadamu ama ng'ombe? Sijui ni nani lakini ningependa kumnunulia chai. Kama ndo yule wa wembe, chai nusu.

Na udhaifu mkubwa wa kitabu ni kwamba unasikia upande mmoja tu. Ni kama kusikiza kesi na wakili wa pili amefungiwa nje. Huko nje kulikuwa na watu wazito, mmoja akijiita Brutus kwa gazeti lingine la New York, wengi wanadhani ni yule Yates aliyeondoka Philadelphia, na Brutus alianza Oktoba 18, yaani siku tisa kabla ya Publius. Alisema nchi kubwa hivyo wawakilishi hawatajua shida za watu, kwamba serikali yenye nguvu ya kodi bila mpaka itameza majimbo polepole, na kwamba majaji wa juu watatafsiri katiba mpaka serikali ya taifa ivimbe na hakuna wa kuwarekebisha. Hebu mtu aniambie hapo alikosea nini kabisa. Madison kwa 45 aliahidi nguvu za serikali ya taifa zitakuwa chache na zenye mipaka, za majimbo nyingi zisizohesabika. Angalieni Washington leo.

Alafu kuna suala la haki. Hamilton kwa 84 anasema orodha ya haki za raia haihitajiki na hata ni hatari, ati ukiandika magazeti yasizuiwe utampa mtu wazo kwamba kulikuwa na nguvu ya kuyazuia. Hii ndo hoja mbovu kuliko zote 85, na hapo wapinzani waliwashinda. Virginia ilipitisha katiba kwa kura 89 dhidi ya 79, New York 30 kwa 27, embe nusura ianguke upande ule mwingine, na kilichosaidia ni kuahidi kwamba marekebisho yatakuja. Madison mwenyewe akayapeleka bungeni Juni 1789 na kumi yakapita Desemba 15, 1791. Kwa hivyo zile haki Wamarekani wanajivunia kila siku zilitoka kwa walioshindwa. Nikafikiria Sura ya Nne ya katiba yetu, venye ni refu na imeandikwa kila kitu, mpaka maji safi na nyumba. Hamilton angezimia.

Ya 78 niseme haraka: mahakama haina upanga wala pochi, ina uamuzi tu. Machi 31, 2022 nilikuwa duka la kinyozi Umoja tukiangalia Mahakama ya Juu ikisoma uamuzi wa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, na mzee mmoja aliyekuwa amepakwa povu nusu uso alikataa kunyolewa mpaka majaji wamalize. Hakuna askari mle kortini aliyemlazimisha mtu, na mchakato ukaishia hapo. Kwa hiyo makala nampa Hamilton kofia.

Kiingereza chake ni kigumu, nisiwadanganye, sentensi inaanza asubuhi inaisha jioni. Usomaji wa pole pole, makala mbili kwa siku. Madison anaeleweka kuliko Hamilton. Hata kulikuwa na ubishi miaka mingi kuhusu makala 12, kama ni Hamilton ama Madison aliyeziandika, mpaka 1964 watakwimu wawili, Mosteller na Wallace, wakahesabu maneno madogo madogo kama upon, ambalo Hamilton alilipenda na Madison karibu halitumii, wakasema zote ni za Madison. Mimi baada ya wiki tatu nilikuwa nawajua kwa harufu.

Nani anunue? Mwanafunzi wa sheria ama siasa, ndio. MCA yeyote, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ndio, na asome 15 mara tatu. Mtu anataka kujua Marekani ya leo kwa haraka, hapana, atalala. Ukipata nakala yenye Brutus ndani ongeza hata mia mbili juu yake usijute. Nampa nyota tatu na nusu, nusu nimetoa kwa gundi na nusu nyingine kwa wembe, kama kingekuwa kizima ningesema nne na nusu juu ya ile 84 na ile 54.

Jana nilirudi kwa yule jamaa kumwambia kurasa hazikuwepo. Akanisikiza vizuri, akanipa pole, akasema boss mimi nauza kitabu sikisomangi, akaniuliza kama nataka ile ya katiba ya Kenya, iko hapo chini ya mafumbo ya watoto, hamsini tu kwa sababu tushazoeana. Nikachuchumaa nikahesabu kurasa moja moja mbele yake, watu wakipita wanaruka miguu yangu. Nilifika Sura ya Kumi na Moja akaniambia lipa kwanza ndo uendelee.